Nauli ya Mbuzi

Mengi ya Houston nimeyameza. Joto nililijua tangu Tanga, foleni za magari nimezizoea, hata bei ya rafuni inayonenepa ukifika kwa keshia nimeisamehe. Hili la kuitoza kodi nauli ya mzigo limenikaba kooni.

Mke wangu hataki nazi ya kopo. Anataka mbuzi ya kukunia. Nikaipata mtandaoni kwa dola 40. Usafirishaji, dola 20. Haya, mti ni mzito. Chini kabisa, kwa herufi za sisimizi: kodi ya mauzo, dola 4.95. Nikapiga hesabu. Houston tunatozwa asilimia 8.25: 6.25 za jimbo la Texas, 1 ya jiji na 1 ya usafiri wa umma, ambao mbuzi yangu haikuupanda. Kwa dola 40 hiyo ni 3.30. Ile 1.65 je? Ya nauli! Nimenunua mbuzi, jamani, barabara sikununua.

Texas wana jibu: kitu kikiwa na kodi, gharama ya kukifikisha nayo ina kodi, hata ikiandikwa mstari wake. Unga wa sembe hautozwi, basi nao husafiri salama. Mwiko wa kuusongea ndio unaokamuliwa njia nzima.

Nikampigia mdogo wangu aliyeko Maryland.

"Huku nauli haina kodi, kaka, mradi muuzaji aiandike kando," akajidai.

"Na akiichanganya na ada ya kufungasha?"

"Hapo zote zinatozwa."

"Na wakikwambia usafirishaji ni bure?"

Kimya. Nauli imefichwa ndani ya bei, na bei ina kodi ya asilimia 6. Bure yenye kodi!

Zamani muuzaji wa mbali asiye na hata kibanda jimboni hakulazimika kukusanya kodi hizi. Juni 2018, katika kesi ya South Dakota dhidi ya Wayfair, Mahakama ya Juu ya Marekani ikauondoa ulinzi huo kwa kura 5 dhidi ya 4. Kura moja! Huyo wa tano natamani nimkalishe akune nazi za pilau ya harusi.

Mbuzi imefika, meno butu. Muuzaji yuko radhi kurudisha bei na kodi yake. Nauli harudishi, na kuipeleka huko ilikotoka ni juu yangu. Nimeazima tupa kwa jirani. Bila kodi, mpaka sasa.