Vinara Vitatu na Mchi wa Mama Mkwe

Katika lugha yetu neno kinara lina bahati kuliko kitu chenyewe. Timu iliyotangulia kwenye ligi huitwa kinara. Msemaji aliyetia fora barazani huitwa kinara. Na tangu mwaka 1966, Maulana Karenga alipoiasisi sikukuu ya Kwanzaa huko Marekani, neno hilohilo limevuka bahari na kupewa mishumaa saba ya kubeba kila mwisho wa Desemba. Mimi peke yangu, katika nyumba ya kupanga hapa Dodoma, ndiye niliyepata kulitia aibu, na kisa chake ni hiki.

Mke wangu aliona katika simu yake picha ya sebule ya Wazungu wakati wa majira yao ya kupukutika majani: maboga yamepangwa sakafuni kama wageni wa heshima, majani makavu ya rangi ya dhahabu yametandazwa mezani, na katikati yake vimesimama vinara vitatu vya mti, kila kimoja na mshumaa wake. Akatamani. Nikamweleza, kwa upole wa mtu aliyezoea kufunua kamusi, kwamba majira hayo wafasiri wetu huyaita vuli, ilhali vuli tuliyoijua sisi watu wa Tanga ni mvua. Na kwamba Dodoma, iliyo juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,100, haina hata vuli hiyo, maana mvua yake ni ya msimu mmoja tu, huingia yapata Desemba na kuaga Aprili, na baada ya hapo ni baridi, upepo na vumbi. Naye hakunijibu kwa kamusi. Alifungua dirisha akanionyesha mbuyu wa jirani, ambao ulikwisha kuvua nguo zote, umesimama uchi mbele ya kadamnasi wala hauoni haya.

"Kupukutika gani unakokutaka wewe, Baba Zuhura, kukashinda huku?"

Nikakosa hoja, nikaenda kwa fundi.

Fundi huyo, Mgogo wa makamo mwenye karakana ya mabati kando ya barabara iendayo Singida, alinikaribisha kwa "mbukwenyi" iliyojaa bashasha, akazitazama picha, akataja shilingi elfu arobaini kwa vinara vitatu. Nilicheka kicheko ambacho hadi leo nakijutia. "Elfu arobaini," nikasema, "kwa vipande vya mti vyenye tundu?" Hakukasirika wala hakupunguza bei, alipuliza vumbi la randa yake, akasema kwa taadhima, "Basi sawa, mzee. Katoboe."

Nami, maadamu nilikwisha kuyavulia maji nguo, sikuwa na budi kuyaoga.

Nilianza kwa kutafuta mti, na hapo ndipo shetani aliponishika mkono. Nyuma ya stoo, chini ya gunia la mkaa, nilikuta mchi mkuukuu, mweusi, mzito kupita kimo chake, ambao kwa hesabu zangu haukuwa umetwanga kitu tangu tuhamie Dodoma. Niliukwangua kwa kisu nikaona weusi ule haukuwa masizi bali ni wa mti wenyewe: mpingo! Mpingo, ambao Wamakonde huuchonga vinyago na Wazungu huutengenezea klarineti. Mpingo, unaokua polepole hata mwenye kuupanda asitaraji kuuvuna mwenyewe. Nao ulikuwa umelala nyumbani kwangu bure, chini ya mkaa, kama sultani aliyepinduliwa.

Msumeno wa kuazima niliutia kazini Jumamosi asubuhi. Katika dakika ya tano ulikuwa umekata kiasi cha ukucha. Katika dakika ya ishirini ulitoa mlio wa mbuzi anayekokotwa machinjoni. Na ilipotimia saa nzima, mimi na msumeno hatukuweza kuamua ni nani kati yetu aliyepoteza meno zaidi. Unga wa mpingo uliniingia puani, nikapiga chafya za rangi ya wino. Jirani alinichungulia juu ya ukuta, akauliza iwapo nina msiba, maana mtu anayekata mbao siku nzima bila kupumzika aghalabu huwa anatengeneza jeneza.

Hata jua likitua nilikuwa na vipande vitatu, visivyolingana hata viwili. Zuhura, ambaye yuko darasa la tano na ana maradhi ya methali, alikitumbukiza kimoja katika ndoo ya maji ili nimwonyeshe maajabu ya mpingo, nacho, kama ilivyo tabia ya mti huo mzito, kikaenda chini mara moja kama jiwe.

"Baba," akasema baada ya kutafakari, "si wanasema ukiona vyaelea vimeundwa?"

Nikamtuma dukani akanunue msasa.

Kutoboa kulikuwa balaa la pili. Keekee huteleza juu ya mpingo kama kuku juu ya sakafu ya vigae, na ilipokubali kuingia iliingia upande, hivi kwamba mshumaa wa kwanza ulisimama kama mtu aliyetoka kuonja mvinyo wote wa zabibu za Hombolo. Tundu la pili lilipanuka mno, nikalijaza ugali. La tatu lilinyooka, na kwa sababu hiyo kipande kikapasuka, nikakifunga waya.

Ndipo simu ikalia. Alikuwa mama mkwe, anayetoka Pangani, naye yuko Dar es Salaam kwa mwanawe mwingine. Amesikia sifa za treni ya umeme, naye angependa kutuona, na kwa hakika amekwisha kupanda. Zamani, mkwe akisema anakuja kutoka pwani, mwenye nyumba alipata siku nzima ya kupaka rangi, kununua kuku na kutubia dhambi zake. Tangu treni hii ianze safari za Dodoma mwaka 2024, mtu hufika kwa muda wa saa nne hivi, na mja hana tena nafasi ya kujisitiri.

Usiku ule umeme ulikatika, kana kwamba nao ulikuwa na hamu ya kuniona. Mke wangu alifurahi: akatandaza mezani majani makavu ya mwembe, akaweka boga moja, akasimamisha vinara vyangu, akawasha. Kwa muda wa dakika mbili, nakiri, sebule ilipendeza. Mama mkwe alilitazama boga akauliza kama limeharibika, maana kwao chakula huwekwa chunguni na hakipambi meza. Kisha upepo wa Dodoma, usiojua adabu za wageni, ukapenya dirishani. Mshumaa mlevi ukainama kabisa, majani yakashika moto, nami nikauzima kwa kilichokuwa karibu, yaani jagi zima la juisi ya ubuyu.

Katika giza na harufu ya moshi mtamu, mama mkwe alipapasa mezani, mkono wake ukatua juu ya kinara kirefu. Akanyamaza. Niliposhika tochi nilimwona akikipitisha kiganja, juu na chini, juu na chini, na hapo ndipo nami nilipoona nisichokiona mchana kutwa: katikati ya kipande kile palikuwa na kiuno, mti umeliwa kidogo ukawa laini na wa kung'aa kuliko msasa wowote ungeweza kuufanya, mahali pale ambapo mikono ya wanawake watatu, bibi, binti na mjukuu, iliushika mchi kwa zaidi ya miaka sitini.

"Huu," akasema, "ni mchi wa mama yangu."

Laiti angenitukana, ningepata nafuu. Alisema tu, "Haya, mwanangu, angalau umeutoa kwenye mkaa," akakaa. Asubuhi nilimkuta jikoni akikitumia kile kifupi kutwangia kitunguu saumu, na ugali wangu ungali tunduni.

Siku hiyohiyo nilirudi kwa yule fundi. Nikaagiza mchi mpya wa kumpa mama mkwe, na vinara vitatu. Alitaja bei ya vyote, nami nikazihesabu noti mbele yake bila kutia neno, maana kila shilingi sasa niliijua kwa uchungu wake: hii ya msumeno, hii ya keekee, hii ya kiganja. Alizipokea, akanitazama viganja vilivyofungwa vitambaa, akauliza kwa upole:

"Vipi mzee, ulitoboa?"

Vijana wa siku hizi hulitumia neno hilo kwa maana ya kufanikiwa maishani. Nilimjibu hapana, na jibu langu lilikuwa la maana zote mbili.