Namna ya Kushindwa na Siafu bila Kuaibika

Mvua za kwanza zikishalowanisha mashamba ya kahawa ya Mbozi, kuna usiku utaamshwa na kelele za kuku. Washa tochi. Ukiona uzi mweusi unapita chini ya mlango, umeshashindwa. Sasa shindwa vizuri.

Kwanza, usitafute mkubwa wao. Tumezoea hivyo: foleni ya malori ikikwama mpakani Tunduma, kila dereva anaulizia mkubwa ni nani akamwone. Siafu hawana mtu huyo. Malkia kazi yake ni kutaga mayai, mamilioni kwa mwezi, wala hamwamrishi yeyote. Vibarua wote ni vipofu. Kila mmoja anafuata harufu ya aliyetangulia na kuongeza yake juu. Penye chakula wanapita wengi, harufu inakolea, wanavutika wengine. Pasipo na kitu harufu inafifia, njia inakufa. Jeshi zima linageuka kona bila kikao.

Pili, weka ndala chini. Pembeni mwa msafara wamesimama askari wenye vichwa vikubwa, taya wazi. Mmoja akikung'ata kifundoni ukamvuta, kiwiliwili kinakatika na kichwa kinabaki kimeng'ang'ania ngozi. Wenzake ni mamilioni. Wewe ndala unazo mbili.

Tatu, na hapa usitumie njia ya mkato: toa kila asiyeweza kukimbia. Mtoto mchanga, mgonjwa, mzee. Kisha fungua banda la kuku, kata kamba ya mbuzi. Niliwahi kuona banda lililosahauliwa likiwa limefungwa. Asubuhi tulikuta manyoya na mifupa. Kuku wale wangeweza kupona, mlango ungefunguliwa tu.

Ujanja wenyewe unaanza hapa. Jifunike blanketi, keti uani, waache wafanye kazi. Watapanda darini, watapita nyuma ya kabati na kati ya magunia ya mahindi, wakikusanya mende, buibui na vitoto vya panya ambavyo umehangaika navyo mwaka mzima. Unaweza kumwaga majivu mlangoni wageuke, lakini mende utabaki nao. Jirani akiuliza mbona uko nje na blanketi usiku huu, mwambie unafanya usafi. Hutakuwa umedanganya.

Wakimaliza wataondoka wenyewe. Kabla hujarudi kulala, hesabu kuku, halafu kung'uta shuka mara mbili.