Fomu Ijuayo ya Ghaibu

Wapo wanaosifu bonde la Ruvuma linavyoonekana ukitazama kutoka ukingoni Newala, na wapo wanaosifu majabali ya Masasi. Mimi niliyeendesha foko, mashine ya kunyanyulia magunia, misimu minne katika ghala la korosho naomba nafasi niisifu karatasi moja: fomu ya ukaguzi wa kila siku. Breki, honi, meno, mnyororo, matairi, mafuta ya haidroliki, mkanda wa kiti, taa ya rivasi. Kila kimoja na kisanduku chake, na kila kisanduku na tiki yake.

Haina gharama. Haichagui kalamu. Ikishajaa inafungia vitumbua bila kuvujisha mafuta, jambo lililoishinda foko yenyewe.

Lakini hizo ni fadhila ndogo. Kubwa ni kwamba fomu yetu inajua ya ghaibu. Mkaguzi wa kawaida, maskini, hana budi aione mashine kwanza. Msimamizi wetu huketi Jumatatu na chai yake, na kabla kikombe hakijaisha anajua hali ya breki hadi Jumamosi. Siku foko ilipopakiwa kwenye lori kwenda kutengenezwa Mtwara, fomu iliyobaki ghalani ilithibitisha kuwa honi inalia vizuri. Nani abishe? Huenda ililia njiani. Na mwezi Novemba, korosho zimefurika hadi mlangoni, fomu ilikagua mpaka tarehe 31. Ni mganga gani, na tunguri zake zote, amewahi kuiona siku isiyokuwapo? Ukiuliza mbona chini ya foko kuna dimbwi la mafuta, unaambiwa kwa upole utazame fomu. Dimbwi halimo.

Sasa niseme, maana linanikereketa. Mkulima akileta gunia lake la kilo 80, hakuna anayemwamini kwa tiki. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze huku msimu wa 2007/08, korosho zinapimwa uzito chama cha msingi, zinapimwa tena ghalani. Unyevu unapimwa. Sampuli inapasuliwa, punje moja moja, ionekane ndani kuna nini. Zikiwa mbichi, mzee wa watu anarudishwa akazianike upya. Foko inayonyanyua magunia ishirini juu ya vichwa vya makuli haijafunuliwa hata boneti!

Msimu uliopita breki ziligoma, kuli mmoja akavunjika mguu. Bosi alifika mbio, na swali lake la kwanza lilikuwa: "Fomu ya leo ipo?" Ilikuwapo. Breki: tiki. Basi chenye kasoro kikabaki kuwa mguu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri aitunze mashine isimdhuru mtu. Kwetu inayotunzwa ni faili, nayo, nakiri, haijapata hata mchubuko.

Leo asubuhi nilipiga magoti nichungulie bomba la breki kabla sijapanda. Msimamizi akanipigia kelele kutoka dirishani: "Kijana, unachelewesha kazi! Hiyo imeshakaguliwa hadi Jumamosi."