Mwongozo wa Kupiga Kasia kwa Watu wa Nchi Kavu

Sisi wa Shinyanga ziwa tunalijua kwa bomba. Tangu mwaka 2009 maji ya Ziwa Victoria yanavutwa pale Ihelele, wilayani Misungwi, yanasafishwa, yanasukumwa hadi Shinyanga na Kahama, na yanafika jikoni yakiwa mapole: hayana wimbi, hayana mamba, na siku nyingine hayafiki kabisa. Mtu aliyezoea ziwa la namna hiyo ndiye anayeamka Jumapili moja na wazo. Vijana wa ofisini, jamaa wawili wa Kahama na shemeji mwenye leseni ya uchimbaji kule Nyarugusu, wote kwa pamoja, waende Geita wapige kayaki siku nne, walale visiwani kwenye mahema, warudi na picha. Mwongozo huu ni wake.

Kwanza fungueni kundi la WhatsApp. Jina la kundi lijadiliwe kwa kina. Chagueni mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na kamati ya chakula yenye wajumbe wengi kuliko watakaosafiri. Kamati ya ziwa msiunde. Ziwa halihami, mtalikuta.

Michango itawasumbua, hasa mkiwa na watu wa machimboni, kwa sababu wao wamezoea utaratibu. Kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, kuna mwenye eneo, kuna mwenye duara, kuna anayegharamia chakula na matimba, kuna wanaoshuka chini. Mawe yakipanda kila mmoja anajua mifuko yake. Safari ya kundi ni duara ambalo mfadhili ni mmoja, wanaoshuka ni kumi, na mgao unadaiwa hata na yule aliyeandika "tupo pamoja wakuu" asitume shilingi. Shemeji wa Nyarugusu atauliza mapema nani anasimamia. Mjibuni kwamba sisi ni familia.

Kisha vyombo. Msitarajie kukuta kayaki za kukodi Nkome, kwenye mwalo wa wavuvi, zimepangwa zikisubiri abiria. Itabidi mnunue au muazime, na hapo ndipo mtakapochagua kwa rangi. Zipo zile fupi, pana, za kukalia juu, zinazopendeza mbele ya hoteli. Mzigo hazibebi na upepo wa ubavuni unazizungusha. Zipo ndefu na nyembamba, za mita tano hivi, zenye matundu ya kuhifadhia vitu, ambazo zinakwenda vizuri kwenye maji makubwa ila zinataka mtu aliyefundishwa jinsi ya kukaa, kugeuza, na kutoka chombo kikipinduka. Hilo la kutoka lijaribuni pale ambapo maji yanafika kifuani. Mkilijaribu kwa mara ya kwanza katikati ya Ghuba ya Emin Pasha, somo litakuwa refu.

Ulizeni pia nani anajua kuogelea. Mikono yote itapanda. Nusu yake walijifunza lamboni, utotoni, wakiwa wameshika mkia wa ng'ombe. Ng'ombe hatakuwepo.

Kuhusu jaketi okozi sina mzaha. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichosajiliwa kubeba watu 101, kilipinduka kikiwa kinakaribia kabisa gati la Ukara. Walikufa watu 228, na nchi kavu walikuwa wanaiona. Jaketi ivaliwe na ifungwe tangu mnaposukuma chombo majini. Ikitumiwa kama mto wa kulalia, inalowa mate tu.

Msijione wa kwanza kupanga safari ya kundi kwenye ziwa hili mkiwa na kichwa kigumu. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alifika Kageye, katika Magu ya leo, na mashua iitwayo Lady Alice, ambayo wapagazi waliibeba vipande vipande kutoka pwani. Ilipounganishwa akauliza nani atajitolea kulizunguka ziwa pamoja naye. Kimya. Wanaume waliotembea kwa miguu kutoka Bagamoyo mpaka Usukuma waliangalia yale maji wakaona hapana. Ilibidi wachaguliwe. Mmoja wa Wazungu waliobaki kambini, Frederick Barker, alifariki kabla mashua haijarudi. Na mwishoni mwa Aprili, kwenye kisiwa cha Bumbire, wenyeji waliwanyang'anya makasia. Wakakimbia kwa kung'oa mbao za ndani ya mashua yao wenyewe na kuzipigia maji. Stanley alirudi baadaye mwaka huohuo na bunduki akaua watu pale kisiwani, jambo ambalo hata Ulaya lilimletea lawama. Kwa msafiri wa leo kuna neno moja la vitendo katika habari hiyo: makasia ya akiba. Kayaki yenu ni ya plastiki ya kipande kimoja, hakuna mbao za kung'oa.

Sasa tarehe. Kundi litachagua wikiendi ndefu iliyo karibu na mshahara. Mwaloni kalenda ni nyingine, ni ya mwezi. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, kwa taa. Zamani karabai, siku hizi zaidi ni taa za sola na betri. Usiku wa giza ukisimama ufukweni unaona mji mzima umewaka juu ya maji, na kila taa ina nyavu chini yake na watu wasiotarajia kuona kayaki isiyo na taa ikiwapitia. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawakusanyiki kwenye taa, kwa hiyo wavuvi wanabaki nchi kavu. Wana hela ya wiki mbili, na mwalo una spika. Mkipiga hema jirani usiku huo, mtafahamu nyimbo zote zinazovuma mwaka huu, na wimbo wa kwanza utarudiwa saa kumi alfajiri.

Lakini mtego mkubwa ni hewa. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, upepo unatoka ziwani kwenda bara. Usiku inageuka: nchi inapoa, ziwa linabaki na joto lake, na pepo kutoka pande zote za pwani zinashuka kukutana juu ya maji. Zikikutana hazina pa kwenda isipokuwa juu, zikiwa zimebeba unyevu, na mawingu ya radi yanajengeka huko katikati wakati nyinyi mmelala. Ndiyo maana dhoruba nyingi za ziwa hili huanza baada ya usiku wa manane na kuendelea mpaka asubuhi. Mtu wa Shinyanga, ambaye mvua yake huja mchana mbele ya macho yake, ikiwa imetangulizwa na vumbi na kuku kukimbilia bandani, atatazama juu saa kumi jioni, ataona anga la buluu, na kulitangazia kundi kwamba usiku utakuwa shwari. Anga la jioni halijui lolote. Kuanzia Juni mpaka Agosti ongezeni na kusi, upepo wa kusini mashariki, unaosukuma mawimbi mafupi yaliyobanana. Moja linakunyanyua, la pili linakupiga kabla hujakaa sawa.

Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa utabiri wa ziwa, wenye upepo na urefu wa mawimbi. Usomeni. Halafu nendeni kwa mzee anayeshona nyavu. Hapa watu wetu wanakosea kwa adabu, maana wanauliza swali moja tu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Eti leo tunaweza kuvuka mpaka kile kisiwa?"

"Mtavuka."

Mwenyekiti anashukuru, anaandika kwenye kundi "MZEE AMETOA BARAKA". Kijana aliyebaki nyuma ndiye anayeuliza la pili.

"Na kurudi, mzee?"

"Aa. Kurudi ni Alhamisi."

Kasi ya kundi lililobeba mizigo, maji yakiwa yametulia, ni kilomita nne au tano kwa saa, na inapimwa kwa yule wa nyuma kabisa. Ramani ya simu itawaonyesha mstari mnyoofu. Mstari huo unakata maji wazi, nao hauna pa kushukia kujisaidia. Fuateni pwani, hata kama ni mara mbili ya umbali. Subirini mawingu ya asubuhi yatawanyike, muwe mmeshuka kabla upepo wa alasiri haujapata nguvu. Siku ya namna hiyo ina saa chache za kazi, na katibu aliyepanga kilomita 40 kwa siku apewe makasia mawili.

Mahali pa kulala kuna sehemu mbili nzuri sana, zote msilale. Ya kwanza ni mchanga mweupe, tambarare, uliofagiliwa, karibu na kijiji. Mtashangaa kwa nini hakuna aliyeuchukua. Saa kumi na moja alfajiri mitumbwi inarudi, na mtasikia ndoo. Mama atasimama mlangoni pa hema, kanga imefungwa kiunoni, maji ya dagaa yanamchuruzika mpaka kwenye kiwiko, nyuma yake wenzake sita na ndoo zao.

"Wanangu, mmelala kwenye anikio langu."

"Samahani mayu, tunahama sasa hivi."

"Hameni taratibu. Ila jua halisubiri."

Hatapandisha sauti. Ataanza kumwaga dagaa kuzunguka hema, konzi kwa konzi, akiwatandaza kwa kiganja mpaka wametawanyika mmojammoja, wakimeta. Mtatoka mkiruka. Harufu itakaa kwenye hema hilo mpaka mtakapoligawa kwa ndugu. Ulizeni jioni, kabla ya kupigilia vigingi, na mnunue dagaa zake kabla ya kuondoka. Mchanga ule ni mali ya kazi.

Sehemu ya pili ni majani. Mtaingia kwenye kighuba chenye mafunjo pembeni, na katikati yake uwanja wa nyasi fupi, laini, zimekatwa sawasawa mpaka kwenye maji. Hakuna halmashauri iliyowahi kupeleka mtu kukata nyasi visiwani. Aliyezikata ni kiboko, na anarudi usiku kuendelea na kazi.

Wapo watakaosema waende Rubondo, na wana hoja, pazuri hasa. Ila Rubondo ni Hifadhi ya Taifa tangu 1977, na hifadhi inaingia mpaka kwenye maji yanayokizunguka kisiwa. Mtu akionekana ananyemelea ufuko wa hifadhi ndani ya chombo kifupi kisicho na injini, askari hatamdhania mtalii. Atamdhania mvuvi haramu, na ana sababu, kwa kuwa mazalia ya sangara na sato ya pale yanalindwa. Pangeni kabla na shirika la hifadhi, TANAPA. Malipo ni kwa kontrol namba, kwa hiyo mweka hazina anayetembea na burungutu kwenye soksi amebeba uzito wa bure. Na msishike kasia kuingia huko bila mtu wa hifadhi anayejua mamba wanapoota jua.

Kwa wanaotafuta mfano wa kundi lililofika kisiwani bila uzoefu na likaweza, Rubondo upo. Kati ya 1966 na 1969 Bernhard Grzimek, wa Shirika la Wanyama la Frankfurt, aliwaleta pale sokwe waliokuwa wamefungiwa Ulaya. Hawakuwahi kutafuta tunda mtini wala kulala msituni wakiwa wakubwa. Milango ikafunguliwa, wakaingia porini, na uzao wao unaishi hapo mpaka leo. Hawakuwa na kamati ya chakula.

Kamati yenu itanunua boksi la barafu, kilo kumi za nyama, kreti mbili za soda na jiko la mkaa. Kayaki haina buti. Barafu itakuwa maji siku ya kwanza, nyama itakuwa na habari zake siku ya pili. Wakati huohuo bibi zenu kule Maganzo na Tinde wameshatatua jambo hili zamani. Michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vibichi vikaanikwa. Matobolwa, vilivyochemshwa kwanza ndipo vikaanikwa. Ni vyepesi, haviozi, matobolwa hayataki hata moto. Unatafuna na karanga huku unapiga kasia kwa mkono mwingine. Pakieni kwenye ndoo za plastiki zenye mfuniko wa kukaza, hata chombo kikipinduka ndoo inaelea. Atakayesema hicho ni chakula cha kijijini mwacheni abebe boksi la barafu.

Maji ya kunywa chemsheni. Najua ni yaleyale ya Ihelele. Tofauti ni kwamba huku hayajapita Ihelele.

Na kichocho. Mtaingia majini kila asubuhi kusukuma vyombo na kila jioni kuvitoa, palepale kwenye kina kifupi chenye majani, ambako konokono wanaobeba vimelea wanaishi. Vimelea vinapenya ngozi bila kuumiza, na hutajua kitu. Kujipima siku mnayofika nyumbani hakusaidii, mayai hayaonekani mapema hivyo. Subirini wiki sita mpaka nane, kisha nendeni zahanati kundi zima, pamoja na yule aliyeapa kwamba miguu yake haikulowa. Dawa ni praziquantel, inatolewa kwa uzito wa mtu. Vidonge ni vikubwa, vichungu, na vinamezwa baada ya kula. Chakula hicho kamati msiikabidhi.