Muulize Shangazi Wino

*Safu ya wenye studio walioishiwa pumzi*

Shangazi, shikamoo. Nina studio ndogo Gehandu, natumia Canon G3411. Nimechapa picha ya harusi kwenye glosi: shela imetoka safi, lakini suti nyeusi ya bwana harusi haikauki. Mama mkwe ameigusa, kidole kikatoka cheusi. Anadai hela yake.
*Suti Mbichi, Gehandu*

Marahaba, mwanangu. Kwanza mrudishie mama wa watu hela yake. Sasa sikia: katika printa hiyo, wino wa rangi umeyeyushwa, ukigusa glosi unazama. Ule mweusi ni chembechembe zinazobaki juu. Unafaa muhtasari wa kikao cha kijiji, si suti ya harusi. Kabla hujachapa, fungua sehemu ya aina ya karatasi, ondoa karatasi ya kawaida, chagua ya picha. Printa itauacha huo mweusi na kupata weusi kwa kuchanganya zile rangi tatu.

Shangazi, nimepata glosi ya bei ya kutupa Arusha. Wino unatuama juu, haunyweki. Binti aliyetaka picha za pasipoti ameota ndevu!
*Bei Poa, Dongobesh*

Soma pakiti, baba. Ikiwa imeandikwa ya leza, umeuziwa karatasi ya unga unaoyeyushwa kwa moto. Uso wake haunywi wino. Kama ni ya wino kweli, basi umeigeuza. Lowesha ncha ya kidole, gusa kona: upande unaonata ndio wa kuchapia. Na hiyo glosi ya wino usiipitishe kwenye printa ya leza ya jirani. Tabaka lake huweza kuyeyuka na kuganda kwenye rola ya moto, na bili ya fundi itakuja kwako.

Shangazi, nilijaza Epson L805 wino wa chupa isiyo na jina. Picha ya babu iliyotundikwa dirishani imebaki ya waridi, na ukoo unauliza nani kamroga.
*Mjukuu Mtuhumiwa, Haydom*

Hajarogwa mtu. Glosi nyingi zinazokauka upesi zina vitundu vidogo sana. Vinanywa wino haraka, lakini vinaruhusu hewa kuingia. Ozoni na jua vinakula rangi, na wino usiojulikana mara nyingi ndio wa kwanza kusalimu amri. Chapa upya kwa wino halisi wa printa hiyo, iache picha siku nzima ikauke, ndipo uiweke nyuma ya kioo, mbali na dirisha na moshi wa jikoni.

Wasomaji wangu, mkiandika tena tajeni printa, wino, na maneno yote yaliyo kwenye pakiti ya karatasi. Na kabla ya kuchapa oda nzima, jaribuni kipande cha ukubwa wa pasipoti. Hicho kikiharibika, hakuna mama mkwe atakayekuja kudai.