Kompyuta ya Kwanjula

Agosti 2022 kituo cha umeme cha Isimba kiliingiwa na maji, megawati 183 zikapotea kwa mpigo, na sisi wa Kibuli, Kampala, tukaanza kuishi kwa mgao. Wengine tulizoea. Shangazi, aliyekuja kutoka Tanga kwa ajili ya kwanjula, yaani sherehe ya utambulisho ukweni, ya mpwa wangu, alikataa katakata kuzoea. Huko kwake aliwahi kuunguliwa jokofu, kwa hiyo kila giza lilipoingia alishika tochi na kuzunguka nyumba nzima akizima: pasi, televisheni, redio, hata kengele ya mlangoni. "Umeme wa kuondoka hauna neno," alikuwa akisema. "Wa kurudi ndio muuaji."

Usiku mmoja muuaji akarudi. Pah! Sebuleni ikatanda harufu kali ya kuungua, na kompyuta ya mezani, mali ya familia tangu binti yangu yuko shule ya msingi, haikuwaka tena.

Kwa kawaida tungeomboleza kidogo tukalala. Lakini ndani yake mlikuwamo orodha ya ahadi za michango ya kwanjula. Mke wangu ndiye mweka hazina, na mwenye kumjua mweka hazina wa kwanjula anajua kwamba daftari lake linaogopwa kuliko mkwe mwenyewe. Asubuhi waliokuwa hawajalipa wakaanza kumiminika kutupa pole. Mjomba aliyeahidi ng'ombe alitikisa kichwa kwa huzuni kubwa, akaomba chai, akauliza kama kweli hakuna nakala popote.

Tiba zikawa nyingi. Binti yangu wa Senior Three alichomoa waya, akabana kitufe cha kuwashia nusu dakika ili umeme uliobaki ndani uishe, kisha akatoa ramu na kuisugua meno yake kwa kifutio. Si upuuzi, mashine nyingi hufufuka hivyo. Yetu haikukohoa. Jirani akalaumu ile betri ya duara ya ndani. Mjomba akasema ni virusi, na hakuna aliyekuwa na nguvu za kubishana naye.

Ndipo akaja fundi, kijana wa mjini, juu ya boda boda, bisibisi mfukoni. Akafungua pawa saplai, lile boksi la chuma lenye feni, akanyoosha kibanio cha karatasi na kuunganisha waya wa kijani na mweusi. Boksi zima hapo huzungusha feni yake. Hili lilinyamaza. Akaligeuza nyuma, akatazama kiswichi chekundu.

"Hajjati, nani amegusa hapa?" akamuuliza mke wangu.

"Mimi," akasema Shangazi. "Soketi yenu iko nyuma ya kabati, haifikiki. Nikazimia hapo. Mlitaka iungue?"

Kiswichi kile hakizimi kitu. Kinachagua volti: 230 kwa nchi kama zetu, 115 kwa nchi kama Marekani. Kikiwa kwenye 115, boksi hudhani limepewa umeme mdogo, basi hujizidishia mara mbili. Sasa lipe volti 240 za Kampala. Kapasita za kuhimili volti 200 hupokea zaidi ya 300 kila moja, na mlio ndio ule tuliousikia.

Shangazi alisikiliza darasa lote, kisha akauliza kwa nini watu wazima waliweka kitu cha hatari namna hiyo mahali panapofikika. Fundi hakuwa na jibu. Aliporudi na boksi la mtumba la shilingi 50,000, akamwonyesha kwanza yeye: halikuwa na swichi hata moja.

Kompyuta ikawaka, ikiamini kwamba mwaka ni 2009 (jirani alikuwa na ukweli wake kuhusu ile betri, ndiyo hutunza saa). Mke wangu hakujali mwaka. Alifungua orodha na kuwasoma wadaiwa kwa sauti, Mjomba kikombe mkononi. Ng'ombe mmoja. Kreti kumi za soda. Magauni matatu ya gomesi ya akina mama wa ukweni, Shangazi.

"Zimeni hiyo mashine," akasema Shangazi, "taa zimeanza kucheza."

Hakuna taa iliyocheza, na mke wangu akausoma mstari ule mara ya pili.