Mama Mkwe, Kunguni na Darwin

Mama mkwe wangu alikuja Nairobi kutoka kisiwa cha Rusinga, Ziwa Viktoria, kutibiwa macho. Desturi ya Wajaluo haimruhusu mzazi kulala katika nyumba ya mwanawe aliyeoa, na nyumba yetu hapa Kisumu Ndogo, Kibera, ni chumba kimoja cha udongo na mabati. Tunakodi chumba kingine cha watoto, milango michache kutoka kwetu, kwa hiyo Dani, kama wajukuu wanavyomwita, akalala huko, kitanda kimoja na binti yetu wa kidato cha nne. Asubuhi ya kwanza aliamka na mapele yaliyojipanga mstari kutoka kiwiko hadi begani. Hakulalamika. Alikunja shuka polepole, akapitisha kidole kwenye mshono wa godoro, akaniambia, "Nyathina, mna wageni humu."

Kunguni si aibu Kibera. Kuta zina nyufa, vyumba vimeshikana, na ukiwafukuza kwako wanahamia kwa jirani, kisha wanarudi. Lakini kumlaza mama mkwe juu yao ni jambo jingine kabisa. Mume wangu alikwenda soko la Toi akanunua dawa kwa mchuuzi anayetangaza kwa spika, dawa ileile tuliyokuwa tukitumia tangu mwaka uliopita. Tulipoipuliza mara ya kwanza, mwaka huo, tulizoa kunguni waliokufa kwa kizoleo. Safari hii tulipuliza, tukafunga mlango mchana kutwa, na usiku wakatoka kama kawaida yao. Akaongeza kipimo maradufu. Dani alikohoa mpaka machozi yakamtoka kwenye macho yaleyale aliyokuja kuyatibu, jirani akagonga ukuta akiuliza tunapika nini, na kunguni hawakutikisika.

"Dawa ni feki," akasema Dani.

Binti yetu alikuwa amekaa sakafuni na kitabu cha Biolojia mapajani. "Si feki, Dani. Iliowaweza ilishawaua. Hawa ni watoto wa wale walioishinda."

Dani akamtazama kwa muda. "Haya ndiyo mnayofundishwa? Yale ya mtu kutoka kwa nyani?"

Vita vikaanza hapo. Dani ni Msabato wa tangu utotoni, na kwake siku sita za kitabu cha Mwanzo ni siku sita. Mume wangu, aliyegeuka Mkatoliki akiwa shule ya bweni, akaingilia kwa sauti ya juu: kwamba Papa Yohane Paulo wa Pili aliwaandikia wanasayansi wa Vatikani mwaka wa 1996 na kukiri kuwa mageuzi ya viumbe ni zaidi ya dhana tu. Dani akajibu kwa utulivu kwamba Papa huyo ni wa mwanawe, si wake. Mume wangu akapandisha sauti zaidi, binti akalia kwa sababu mtihani ulikuwa karibu, na usiku ule chakula kililiwa kimya kimya.

Mabishano ya namna hii nimeyaona yakifanywa kwa nchi nzima. Mwaka wa 2006, Makumbusho ya Taifa ya Nairobi yakiwa yamefungwa kwa ukarabati, Askofu Boniface Adoyo aliongoza makanisa ya kiinjilisti kupinga mifupa ya binadamu wa kale kuwekwa mahali pa heshima. Yenye sifa kuliko yote ilikuwa ya kijana wa Turkana, aliyeishi yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita, ambaye kipande cha fuvu lake kiligunduliwa na Kamoya Kimeu kule Nariokotome mwaka wa 1984. Mtafiti wa mifupa ya kale Richard Leakey alimjibu askofu kwa maneno makali. Makumbusho yalifunguliwa tena mwaka wa 2008, mifupa ikapewa nafasi yake, na ninafurahi kuwa hivyo. Lakini kwenye plot yetu sikumsikia hata mtu mmoja aliyebadili mawazo. Kila upande ulikuwa ukiwahutubia watu wake.

Tukaamua kusafisha chumba chote kwa maji ya moto, kwa kuwa joto la nyuzi hamsini na zaidi huua kunguni pamoja na mayai yao, wala hakuna anayezaliwa na kinga dhidi ya maji yanayochemka. Jumamosi haikuwezekana, ni Sabato. Jumapili asubuhi tukatoa kila kitu kwenye kichochoro: kitanda, godoro, mapazia, sanduku la Dani. Nikapanga majiko mawili ya makaa na masufuria, mume wangu akafungua kitanda vipande vipande, Dani akakaa juu ya mtungi uliopinduliwa akimwelekeza pa kumwagia maji. Saa saba mvua ikashuka bila hata kunguruma. Godoro likanywa maji yote ya paa la jirani. Mguu mmoja wa kitanda ulipasuka tulipokimbiza vitu ndani, na makaa yakazimika kabla hatujafika kwenye kuta.

Usiku ule Dani na mjukuu wake walilala juu ya mkeka, nami nikabaki nao mpaka saa nne nikigeuza nguo juu ya jiko. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kugombana. Dani ndiye aliyeanza.

"Kwa hiyo dawa imewafundisha kunguni kuizoea?"

Swali hilo lilikuwa bora kuliko yote tuliyopigiana kelele juu yake. Binti akalijibu vizuri, nami niliyemlipia karo nilisikia fahari. Akasema dawa haifundishi. Katika kunguni wengi huzaliwa wachache tofauti kidogo: mmoja ngozi yake ni nzito zaidi, mwingine mwili wake unavunja sumu haraka, mwingine mishipa yake ya fahamu haishikwi na sumu. Kabla ya dawa tofauti hizo hazina faida kubwa. Dawa ikija inawaondoa wengine wote, na hao wachache ndio wanaobaki kuzaa. Jike mmoja hutaga mayai mamia katika maisha yake. Kule Hawaii, alisema, kunguni walishaishinda dawa ya DDT kufikia mwaka wa 1947, miaka michache tu tangu ianze kutumika.

Dani akanyamaza, halafu akasema jambo ambalo halikuwa kitabuni. "Kama klorokwini."

Anaikumbuka sana, kwa sababu ilimwasha mwili mzima. Zamani kule kisiwani mtoto mwenye malaria alimeza klorokwini akapona. Baadaye alimeza na homa ikabaki palepale. Mwaka wa 1998 serikali iliacha kuitegemea kama dawa ya kwanza. Dani aliyaona yote hayo na kuzika watoto wa jirani zake katika kipindi hicho. Vimelea vilivyostahimili dawa ndivyo vilivyobaki kuzaana. Mjukuu wake hakuwa na haja ya kuongeza neno.

"Lakini kunguni bado ni kunguni," Dani akasema. "Hajawa kuku."

"Kweli, Dani. Hajawa." Binti hakubisha, na nadhani hapo ndipo bibi alipoanza kumsikiliza. Binti akamuuliza kuhusu fulu, samaki wadogo wa ziwa lao. Dani akaketi. Alianza kuwataja kwa mikono: yule wa taya nene anayevunja konokono, yule anayekwangua ukoga kwenye miamba, yule anayekula vifaranga vya wenzake, waliojaa ziwani alipokuwa msichana kabla ya samaki mbuta kuongezeka na kuwamaliza wengi wao. Wataalamu wamehesabu karibu aina 500 za fulu katika Ziwa Viktoria, karibu wote hawapatikani ziwa lingine lolote, ilhali ziwa hilo lilikuwa limekauka na kujaa upya yapata miaka 15,000 iliyopita. Wazazi wao walikuwa wachache. Miamba ikawachagulia chakula kimoja, matope kingine, na vizazi vikaachana.

Kuhusu nyani, binti alisema kitu kimoja tu: hakuna kitabu cha shule kinachosema nyani wa leo alimzaa mtu. "Wewe na binamu zako wa Mfangano mna babu mmoja, wala hakuna aliyemzaa mwenzake." Dani akacheka. Akatuambia baba yake alikuwa akisimulia juu ya Wazungu waliochimba mawe Rusinga. Nami nikamwambia walichokipata: mwaka wa 1948 Mary Leakey alifukua hapo kisiwani kwao fuvu la Proconsul, mnyama wa jamii ya sokwe wa kale, lenye umri wa miaka kama milioni 18. Mumewe Louis, nikamwongezea, alizaliwa hapa Kabete mwaka wa 1903, mtoto wa wamishonari, na ujanani alitaka naye awe mmishonari.

Dani hakuongoka, wala hatukumtaka aongoke. Kabla ya kusinzia alitoa msimamo wake: juu ya kunguni na malaria anakubali, juu ya fulu anakubali pia na anaona mkono wa Mungu humo, juu ya mtu bado. Mjukuu akasema sawa. Katika kitabu chake kuna swali la Mungu yupo au hayupo? Hakuna. Na hapo ndipo mume wangu na Papa wake walipokuwa wamepotea njia: walimtaka mama achague kati ya imani yake na mjukuu wake.

Kunguni walikwisha baadaye, wapangaji wote wa mstari wetu walipokubali kuchemsha maji siku moja. Dani amerudi Rusinga na miwani mipya.

Nina ombi kwa walimu wa Biolojia wa kidato cha nne: anzeni mada hii kwa kunguni, klorokwini na fulu, kabla hamjafika kwenye picha ya sokwe. Na kwenu wachungaji: msimwambie mtoto anayeingia chumba cha mtihani kwamba akijibu swali sawasawa amemkana Mungu.